Tazama: Bomba la Nyanda za Juu na Viwanda Vilivyozimika

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya huona mengi njiani. Huona misitu ya misindano ya Sao Hill upande wa Mafinga. Hufika Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu. Huteremka hata Igawa na Chimala, Bonde la Usangu likiwa limetandaza mpunga wake mkono wa kuume. Kisha hupanda tena mpaka Uyole, na kule mbele husimama mlima wa Mbeya. Barabara aiona, reli aiona, nguzo za umeme aziona. Kitu kimoja hakioni, nacho chapita jirani yake karibu safari nzima: ni bomba la mafuta, lililofukiwa ardhini kwa sehemu kubwa, litokalo Kigamboni, Dar es Salaam, likaishia Ndola katika nchi ya Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,710. Jina lake ni TAZAMA, yaani Tanzania Zambia Mafuta. Ni ajabu kwamba kitu kilichofichwa hivyo kimepewa jina linaloamuru watu wakiangalie.

Makala haya yataka kuitii amri hiyo. Lakini bomba haliwezi kuelezwa peke yake, kwa kuwa bomba ni njia tu, na njia hufahamika kwa mahali itokako na mahali iendako. Habari ya bomba hili ni habari ya viwanda vya kusafishia mafuta, na hasa ya viwanda vilivyozimwa. Kuzimwa kwa kiwanda kimoja ndiko kulikolizaa. Viwanda viwili vilivyokuwa katika ncha zake vimezimwa nalo likingali hai. Tukiifuata habari hiyo kwa utaratibu, tutaona jambo ambalo wanahistoria wa viwanda wamelitilia maanani kidogo mno: namna kiwanda kinavyoanza hupewa hotuba na utepe wa kukatwa, bali namna kinavyokwisha huachiwa mafundi wa kukata chuma, na watu wakasahau.

Basi tuanze na kile cha kwanza. Mwaka wa 1965 kilianza kazi kiwanda cha kusafishia mafuta huko Feruka, karibu na mji wa Umtali, ambao leo waitwa Mutare, katika Rhodesia ya Kusini. Mafuta ghafi yalikifikia kwa bomba kutoka bandari ya Beira, Msumbiji, na bidhaa zake zilitumika Rhodesia na kuvuka Zambezi kwenda Zambia. Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, nayo ilirithi njia zote za biashara zikielekea kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenziwe wakajitangazia uhuru wao wenyewe, uhuru wa walowezi wachache juu ya wenyeji wengi. Mwezi wa Desemba Uingereza ikapiga marufuku mafuta kuingia Rhodesia. Rhodesia nayo ikaikatia Zambia. Januari 1966 moto wa Feruka ukazimwa. Kiwanda hicho kilikuwa kimefanya kazi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na hakikufufuka tena. Bomba la Beira ndilo lililofufuka, mwaka wa 1982, likabeba mafuta yaliyokwisha kusafishwa mahali pengine. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa maana litarudi.

Zambia ilipokatiwa mafuta, shaba yake ilikuwa hatarini, na pamoja na shaba, uhuru wake. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zilibeba mapipa ya mafuta angani, kazi yenye gharama kubwa na faida ndogo. Mapipa mengine yalipakiwa katika malori Dar es Salaam, yakapandishwa Kitonga, yakapita Iringa na Mbeya, yakavuka mpaka Tunduma. Barabara wakati huo ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Kiangazi ni vumbi, masika ni matope na makorongo. Waliokuwa wakiipita waliiita Njia ya Jehanamu, na jina hilo halikuwa la mzaha, kwa kuwa malori mengi yaliangamia humo pamoja na watu wake. Wenyeji wa Nyanda za Juu za Kusini walijua vita vya ukombozi kwa njia hiyo kwanza: si kwa bunduki, bali kwa ngurumo ya malori usiku na mchana.

Ndipo likajengwa bomba. Kazi ilifanywa na Waitaliano wa shirika la ENI, nayo ikamalizika mwaka wa 1968. Bomba lilikuwa na kipenyo cha inchi 8, na baadaye sehemu zake nyingine ziliongezewa bomba la inchi 12. Umiliki uligawanywa: Zambia sehemu mbili katika tatu, Tanzania sehemu moja. Na kwa kuwa mafuta hayapandi mlima kwa hiari yake, vilihitajika vituo vya kuyasukuma, maana kutoka usawa wa bahari Kigamboni hata nyanda za Iringa na Mbeya ni kupanda zaidi ya mita elfu moja na nusu. Iringa na Mbeya zote mbili zilipata vituo vyao. Hivyo nyanda hizi, ambazo hazikuwa na kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha, zilikuwa bega la kubebea mzigo wa jirani.

Katika ncha ya mashariki palikuwapo kiwanda tayari. Huko Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, TIPER ilianza kusafisha mafuta mwaka wa 1966. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Kampuni ya Tanzania na Italia ya Kusafisha Petroli, na Serikali ya Tanzania ilikuja kumiliki nusu ya hisa. Katika ncha ya magharibi kiwanda kilikuja baadaye. Mwaka wa 1973 Ndola ilipata kiwanda chake, INDENI, jina lililounganishwa kutokana na INDECO, shirika la maendeleo ya viwanda la Zambia, na ENI ya Italia. Tangu 1968 bomba lilikuwa limebeba mafuta yaliyosafishwa; INDENI ilipoanza, mzigo ukabadilika, likabeba mafuta ghafi ili Zambia iyasafishe yenyewe. Badiliko hilo halikuonekana na mtu yeyote aliyepita Mafinga au Igawa. Walakini lilikuwa na maana kubwa: nchi iliyokuwa ikinunua unga sasa ilinunua nafaka na kusaga nyumbani.

Hii ndiyo iliyokuwa fikra ya kizazi kile, nayo yafaa ielezwe kwa haki. Kusafisha mafuta ghafi ni kuyapasha moto katika tanuri, kisha kuyaingiza katika mnara mrefu ambamo mvuke wake hupanda na kupoa kwa daraja: petroli juu, mafuta ya taa chini yake, kisha dizeli, na mwisho kabisa mafuta mazito. Nchi yenye mnara wa namna hiyo haikuwa na mafuta yake mwenyewe, lakini ilikuwa na ujuzi wake, ilikuwa na mafundi, wapimaji wa maabara, wahandisi na wachomeleaji, tena ilibakiza nyumbani sehemu ya thamani. Mnara wa Kigamboni ulikuwa chuo kama vile ulivyokuwa kiwanda.

Lakini mwaka uleule wa 1973 uliofungua INDENI ndio ulioleta mtihani. Bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974, ikapanda tena mno mwaka wa 1979, wakati ambapo Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera. Kiwanda cha kusafishia mafuta hakizalishi fedha za kigeni, chazila. Meli ya mafuta ghafi ikichelewa kwa kukosa fedha, tanuri hupoa, na kila siku tanuri linapopoa chuma huchakaa. Kuna wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea alasiri za Jumapili ili kuokoa petroli. Katika miaka hiyo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilikuwa mikoa minne iliyotegemewa kulisha taifa kwa mahindi, na mahindi hayaendi sokoni bila dizeli. Hapa ndipo penye jambo la kutia uchungu: mafuta yalipita chini ya mashamba ya mikoa miwili kati ya hiyo, lakini yalikuwa mafuta ghafi, tena ya Zambia. Hata kama mkulima angalichimba na kuyafikia, trekta lake lisingaliyanywa. Mwenye njaa hashibi kwa harufu.

Mwisho ulikuja kwa sababu ambazo mwandishi mwadilifu hawezi kuzikataa zote. Kiwanda cha Kigamboni kilikuwa kidogo na cha namna rahisi, chenye uwezo wa mapipa 15,000 hivi kwa siku. Kiwanda cha aina hiyo hutoa mafuta mazito mengi, ambayo bei yake ni ndogo, na dizeli na petroli kidogo kuliko zinavyohitajika. Mwaka wa 1999 kiwanda cha Jamnagar kilianza kazi Uhindi, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kikiwa na uwezo wa zaidi ya mapipa 500,000 kwa siku. Mwaka huohuo wa 1999 Kigamboni iliacha kusafisha. Biashara ya mafuta nchini ilifunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka uliofuata, na TIPER ikageuka kuwa ghala: matangi yakabaki na kazi, minara haikuwa nayo. Hatusemi kwamba Jamnagar ndiyo iliyoiua TIPER. Ugonjwa wake ulikuwa wa zamani. Lakini miaka hiyo miwili ikiwekwa pamoja, yaeleza mambo kuliko hotuba nyingi.

Wengine wakafuata njia ileile. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka wa 1963, kilizimwa mwaka wa 2013, na matangi yake yakaendelea kuhifadhi mafuta. Humo ndimo yalimowekwa mafuta ghafi ya Turkana, yaliyoletwa kwa malori, kabla ya shehena ya kwanza kupelekwa ng'ambo Agosti 2019. INDENI ilisimamishwa Desemba 2021. Baada ya hapo bomba la TAZAMA lilisafishwa, na mwaka wa 2023 likaanza kubeba dizeli. Hivyo, baada ya miaka hamsini, mzigo umerudi ulivyokuwa mwaka wa 1968. Sasa msomaji na akumbuke Feruka: kiwanda kilikufa, bomba likabaki, likabeba mafuta yaliyosafishwa na wengine. Kilichotokea Mutare kimetokea Kigamboni na Ndola. Wala si Afrika peke yake. Kurnell, karibu na Sydney, iliacha kusafisha mwaka wa 2014, na Grangemouth ya Uskochi mwaka wa 2025. Zote mbili zikawa mahali pa kupokelea mafuta yatokayo nje. Tofauti ni hii, kwamba nchi zile zina vyuo vingine vya kuhifadhi ujuzi uleule. Kwetu chuo kilikuwa kimoja.

Yatupasa sasa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kuzima na kubomoa. Kuzima ni kufunga mafuta yasiingie na kuacha tanuri lipoe. Ni kazi ya siku chache. Kubomoa kwa haki ni kazi ya miaka. Kwanza mafuta yaliyobaki katika mabomba na minara humwagwa na kuhifadhiwa. Kisha vyombo huoshwa kwa mvuke na maji, hewa yake hupimwa isiwe na gesi ya kulipuka, na kila bomba linalounganisha chombo kimoja na kingine hukatwa au kuzibwa kwa sahani ya chuma, maana valvu iliyofungwa si ukuta. Ndani ya vyombo vya zamani huwa mna kutu yenye salfa ambayo ikikauka na kukutana na hewa yaweza kuwaka yenyewe. Kwa hiyo huwekwa katika unyevu hata iondolewe. Matangi huwa na tope zito chini yake. Mabomba ya moto yaliyojengwa miaka ya 1960 aghalabu yalifungwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi, wala halimuonyi mtu leo. Petroli ya enzi ile ilitiwa risasi. Na mwisho wa yote ni udongo wenyewe, pamoja na maji yaliyo chini yake, ambayo hayakatwi kwa moto wala hayauzwi kama chuma chakavu.

Ndiyo sababu yetu ya kusema kwamba kubomoa ni sehemu ya historia ya kiwanda, si nyongeza yake. Chuma kina mnunuzi. Udongo uliochafuka hauna. Mahali popote kazi hii ikiachwa ifuate faida peke yake, chuma kitaondoka mapema na udongo utabaki. Na mtu wa mwisho katika habari ya kiwanda chenye fahari, chenye bendera za mataifa mawili langoni, huwa kibarua aliyeshika tochi ya kukatia chuma, hana barakoa, wala hajui kilichokuwa ndani ya bomba analolikata. Jina lake haliandikwi popote.

Kuna na kitu kingine kinachobomoka, nacho hubomoka kabla ya chuma. Fundi aliyejua kwa sauti ya pampu kwamba kuna kasoro, mpimaji aliyeitambua dizeli kwa rangi kabla ya kuipima, huyo kiwanda kikizimwa huenda kwake. Baadhi hupata kazi ng'ambo, baadhi hufungua duka, baadhi huzeeka kimya. Penye mafundi hapakosi wanafunzi, husema wahenga. Basi pasipo mafundi, wanafunzi watoke wapi? Leo Uganda imekusudia kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta Hoima, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 limekusudiwa kutoka huko mpaka Chongoleani, Tanga. Afrika Mashariki yarudi katika kazi iliyokwisha kuijua. Lakini waliokuwa vijana wa miaka ishirini Kigamboni mwaka wa 1966 wamepita umri wa miaka themanini. Waliojifunza wakafukuzwa na wakati hawawezi kungojewa waandike wenyewe; yapasa waulizwe.

Hapa ndipo wanachuo wa historia wanapohitajiwa, na hasa wale wa Nyanda za Juu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Michoro ya minara, madaftari ya zamu, orodha za wafanyakazi, hesabu za mafuta yaliyoingia na kutoka, ripoti za ajali: hizo ndizo nyaraka za kiwanda, nazo huliwa na mchwa upesi kuliko chuma kinavyoliwa na kutu. Vivyo hivyo kwa bomba. Wako wazee wa Ilula, Ifunda, Chimala na Igurusi walioona mtaro ukichimbwa. Wako waliolinda vituo, na waliohama ili bomba lipite. Iringa yajua thamani ya mabaki kuliko sehemu nyingi. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilipelekwa Ujerumani, na Wahehe hawakuacha kulidai hata liliporudishwa Kalenga mwaka wa 1954, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Watu waliongoja muda huo kwa ajili ya fuvu moja hawahitaji kufundishwa kwamba kilichokwisha kufa bado kina haki juu ya walio hai.

Mtu aweza kusema, ya nini yote hayo, maadam bomba lenyewe lafanya kazi? Jibu ni kwamba bomba nalo ni la mwaka wa 1968. Lafanya kazi, tena kazi yenye heri: kila lita ipitayo ardhini ni lita isiyopita barabarani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori moja la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, katika barabara hiihii, na moto wake uliwaua watu zaidi ya mia moja. Hakuna ajuaye maafa hayo atakayelidharau bomba. Walakini hapana chuma cha milele. Siku moja mafuta yatasimama humo, kama yalivyosimama Feruka, Kigamboni na Ndola, na swali litakuwa lilelile: nani ataliosha, nani atalichimbua au kuliziba, nani ataupima udongo wa Usangu, ambao maji yake huingia Ruaha Mkuu na kwenda mbali? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 zimetoa misingi ya kutunza ardhi na kuondoa mitambo. Lakini sheria husomwa na mtu anayejua kilichopo. Ramani ya mahali kila kiungo kilipo, habari ya kila mvujo uliopata kutokea, jina la kila kijiji kilichopitiwa, hayo hukusanywa kazi ikiwa hai, si baada ya mwenye funguo kwenda zake.

Viwanda vya kusafishia mafuta vya miaka ya 1960 havikujengwa kwa hesabu ya faida peke yake. Vilijengwa kwa sababu nchi changa zilikataa kuzimwa na jirani kwa kufungiwa valvu moja. Kusudi hilo lilitimia: Rhodesia haikuipigisha magoti Zambia, na bomba lililopita Iringa na Mbeya lilikuwa moja ya sababu. Kwamba viwanda vyenyewe havikudumu si aibu. Vyombo vya vita navyo huzeeka baada ya vita kushindwa. Aibu ingekuwa kuviacha viondoke kipande kipande katika magari ya vyuma chakavu, na ujuzi wake pamoja navyo, pasipo mtu kuandika kilikuwapo nini.

Msafiri wa Iringa na Mbeya hataliona bomba hata akichungulia dirishani safari nzima. Atakachoweza kukiona, akishuka na kuuliza, ni watu waliolijua. Hao wangali wapo, ingawa kila mwaka wapungua. Jina la bomba lilikwisha kutuambia la kufanya.